Aliyeuacha Mfereji Wazi

"Huyo msichana apandishwe basi kesho asubuhi arudi Kitui," alisema jirani yao Mama Adoyo, mikono kiunoni. "Akiendelea kukaa hapa, siku moja tutaamka tunaelea."

"Ni mtoto wa dada yangu, Mama Adoyo, si gunia la makaa," alijibu Mzee Mativo, mchonga vinyago. "Nani alimwona akifungua mfereji?"

"Kwani ndoo ni ya nani? Ama ilijipeleka yenyewe?"

Majirani wakacheka. Uani palijaa watu, hata wale wasiohusika, maana Jumamosi mtaani Shauri Moyo hakuna anayekubali kusimuliwa ugomvi anaoweza kujionea. Mama Qali, mwuza vitambaa, alikuwa akikamua shuka moja baada ya nyingine. Maji yalikuwa yamekatika tangu jana yake. Mtu alifungua mfereji mkavu wa bomba la uani, akatega ndoo, akaenda zake. Maji yaliporudi adhuhuri, ndoo ilifurika, yakapita chini ya mlango wa Mama Qali na kulowesha marobota yake yote ya shuka.

Ndanu, mpwa wa Mzee Mativo, alisimama akitazama vidole vyake vya miguu. Mwaka ule wa 1984 mvua ilikuwa imegoma Kitui, na watu walikuwa wakipanga foleni kungoja unga wa msaada. Kurudi huko kulikuwa kurudia njaa, na kuiaga shule.

Kavata, binti ya Mzee Mativo, alijipenyeza hadi mbele ya umati. Ni yeye aliyeazima ndoo ya Ndanu, akaitega, kisha akakimbilia shuleni kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Humo yeye ndiye shujaa anayefukuzwa kwao kwa sababu ya kiburi chake. Siku hiyo aliondoka jukwaani kwa huzuni ya kupendeza hata Mwalimu Ochola akapiga makofi. Lakini shujaa yule aliondoka na kosa lake mwenyewe. Ndanu angeondoka na la nani?

"Ni mimi," Kavata alisema, sauti nyembamba. "Niliomba ndoo yake, nikausahau mfereji. Kama ni Kitui, niende mimi."

Mzee Mativo akamgeukia Ndanu. "Na wewe mbona hukusema?"

"Nakula kwenu, mjomba," Ndanu alijibu polepole. "Ningemtajaje Kavata?"

Mama Adoyo alishusha mikono. "Mdomo wangu nao una haraka," alisema. "Ndanu, mwanangu, unisamehe."

Hapo ndipo Mama Qali alipozungumza. "Mimi nilihama kwetu nikiwa mdogo kuliko hawa. Najua mtu aking'olewa anavyokuwa. Hapa hafukuzwi mtu kwa sababu ya maji. Kavata, juma zima utanianikia shuka hizi na kuzipiga pasi. Na nyote mshike hili: kosa lako ukilinyamazia, litamwangukia asiye na hatia. Likiri mapema, watu watakusaidia kulitengeneza."

"Asante, Mama Qali," Kavata alisema. Hakuwa amewahi kuishukuru adhabu, lakini hii aliipokea kwa mikono miwili. Ndanu akashika ncha ya pili ya shuka bila kuombwa, wakaanza kuanika. Mzee Mativo akafunga kamba nyingine.

Ua ulipojaa shuka, Mama Qali aliita kutoka mlangoni, "Wasichana, naweni mikono mwingie mle. Mzee Mativo, karibu. Na wewe Mama Adoyo, usijifanye unapita tu. Sinia ni kubwa."