Makaa ya Mlango wa Buluu

"Jirani, kwani wavu wako umeibiwa?"

Hilo ndilo swali alilouliza fundi seremala siku ya kwanza alipomwona Mama Chiriku akilaza steki juu ya makaa yenyewe, bila wavu, bila kikaango. Mama Chiriku alicheka.

"Moto ukiwa msafi, fundi, nyama haihitaji daraja."

Fundi alionja kwa wasiwasi, akaramba vidole, na tangu siku hiyo hakuuliza tena. Akawa mteja.

Kazi ile ilikuwa na masharti, na Chiriku, binti wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, aliyajua kama njia ya shule. Mkaa uwe wa mti mgumu. Usiwashwe kwa mafuta ya taa wala plastiki. Makaa yangojewe mpaka yawe meupe, majivu yapepewe, ndipo ilazwe nyama nene iliyopanguswa ikakauka.

"Kilichomo motoni kitakuwa kwenye nyama," Mama alizoea kusema, "na kilicho kwenye nyama kitakuwa tumboni mwa mtu."

Jumamosi moja Mama alijifunga kanga, akachukua kikapu. "Leo fundi anakuja na mama yake. Bibi wa watu ametoka hospitali juzi, chakula kimemshinda. Jana ndiyo kwanza ametamani kitu, nacho ni nyama yetu. Mimi nakwenda sokoni kutafuta ndimu. Nikirudi nikute makaa meupe. Na huo mdomo upumzike, mikono ifanye kazi."

"Ah, Mama nawe! Kwani mdomo unaishika mikono?"

Lakini Chiriku alipolifikia gunia la mkaa, maneno yalimkauka. Jioni iliyopita alikuwa ameambiwa aliingize ndani, naye akapotelea bombani kwa soga. Usiku mvua ilinyesha. Mkaa ulikuwa umeloa chapachapa.

Aliuwasha hivyo hivyo. Ukafuka moshi, ukazima. Akawasha tena, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Ukazima. Jua lilikuwa linapanda, na Mama hakuwa mtu wa kukawia sokoni.

Ng'ambo ya ua, kwenye karakana ya fundi, kulikuwa na mlango wa zamani uliovunjwavunjwa, rangi yake ya buluu ikibanduka kama magamba ya samaki. Vipande vyake vilikuwa vikavu. Chiriku alitazama huku na huku. "Ni mbao tu," alijiambia. "Mbao na mkaa ni ndugu."

Mbao zikawaka mara moja, ulimi wa moto ukiwa na ukingo wa kijani. Harufu chungu ikamkaba koo. Baadaye mkaa ukashika, harufu ikaisha, na makaa yakawa meupe kama siku zote.

"Alaa! Yamekolea haswa," Mama alisema aliporudi. "Umewashia nini?"

"Vijiti vikavu, Mama."

Uongo ulitoka mwepesi kama unyoya. Kisha ukamkalia kifuani kama jiwe.

Mama alitanguliza dua kama kawaida yake, akalaza nusu ya nyama juu ya makaa. Ikalia chwaa. Mara fundi akaingia, amemshika mama yake mkono.

"Huyu mwanangu ataniua kwa uji," Bibi alisema akikaa polepole. "Nipeni kitu cha kutafuna, haya meno mawili yasije yakasahau kazi. Na wewe Chiriku, mbona leo kimya kama maji mtungini?"

"Shikamoo, Bibi," Chiriku alijibu, akainama.

Hapo ndipo alipoona gamba dogo la buluu limenata kwenye ukingo wa jiko. Akisema, Mama ataaibika mbele ya mteja wake, na nyama ile itatupwa. Asiposema... Mama alikuwa anakata nyama vipande vidogo. Sahani ikamfikia Bibi. Bibi akachukua kipande, akakipuliza, akafungua mdomo.

"Bibi, usile!"

Kila mtu aligeuka. Chiriku alisema yote, gunia, mvua na mlango.

Fundi aliinama jikoni, akalibandua lile gamba kwa koleo. Uso ulimbadilika. "Rangi hii ni ya zamani, ina madini ya risasi. Mimi nauvunja mlango ule nimejifunga kitambaa puani. Rangi ikiungua sumu haifi. Inabaki kwenye majivu."

Mama hakufoka. Hilo lilimtisha Chiriku kuliko fimbo. Alichukua sahani, akaimwaga nyama yote ndani ya debe, akazima moto kwa maji, akamnawisha Bibi mikono kwa sabuni.

"Fundi, nisamehe. Nusu ya nyama haijaguswa, na ndani nina jiko jingine. Mtangoja?"

Fundi alimtazama mama yake.

"Hospitali nimengoja wiki nzima, nitashindwa hapa?" Bibi alisema. "Nyumbani kuna mkaa mkavu, mwanangu, kalete. Lakini awashe huyu huyu."

Chiriku aliwasha, Mama akikagua kila kijiti. Aliyangoja makaa mpaka yakawa meupe. Bibi akala taratibu, akamaliza, akaomba nyongeza.

Wageni walipoondoka, Mama alimwita bintiye.

"Ungeniambia mkaa umeloa, ningekukaripia, tungeuanika, tungechelewa, basi. Uvivu wako wa jana ulikuwa kosa dogo. Ukaufunika kwa uongo, ukawa sumu. Mwanangu, kosa lisemwe likiwa bado bichi. Lakini ulisema kabla kipande hakijafika mdomoni. Mungu ameliona hilo, na mimi nimeliona." Akalionyesha lile debe, ambalo sasa lilikuwa na nyama na majivu. "Fundi amechimba shimo nyuma ya karakana, mbali na bustani. Kazike vizuri, mbwa wasifukue. Kisha unawe kwa sabuni."

Chiriku alikuwa na maneno ya kujitetea, kama kawaida yake. Safari hii hakuyatumia. Aliliinua debe kwa mikono miwili, akaelekea nyuma ya karakana.