Ardhi Isiyolimwa Ina Mwenyewe

Ndugu zangu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na ninyi mnaoshuka kila siku na mabunda kichwani, sikieni yaliyoipata nyumba ya Apolline, maana sitaki yawapate.

Asubuhi ilikuwa tulivu. Apolline alikuwa anapepeta maharage, na binti yake Mariette akirudi na dumu la maji kutoka kisima cha kwenye mafunjo, pale pembeni ya ziwa. Maji yalikuwa safi kwa sababu mafunjo yaliyachuja. Ukoo wa Joanita, wenyeji wa pale, waliyatunza mafunjo hayo tangu mababu. Samaki wakianza kutaga, walifunga fundo la majani njiani kuwa alama ya kukataza, na hakuna aliyepita na panga.

Basi akaja Jovan, mfanyabiashara wa Mbarara, akamwita Nestor, mume wa Apolline.

"Mzee, wewe najua hii pahali. Nani nalima pale kwa mafunjo?"

"Hakuna mutu," Nestor akajibu. "Hiyo pahali ni fasi tupu."

"Sema hivyo kwa mkutano wa wakuu wa kambi. Wakinipa mimi, wewe pia napata kona ya nyanya."

Apolline alisikia, akaweka ungo chini.

"Baba Mariette, ile fasi iko na benyewe."

"Nani alitia jembe pale? Kwetu Kivu, mwenye kufyeka ndiye mwenye shamba."

"Na kitanda chako? Mchana hakuna mutu anakilalia. Nimpe jirani?"

Nestor akacheka, akaenda kusema. Wakuu wakamwamini. Joanita alipojaribu kueleza, wakamuuliza shamba lake liko wapi.

Jovan akapewa ardhi; mafunjo yakafyekwa, yakachomwa, nyanya zikapandwa. Apolline hakupata usingizi mzuri tena. Kiangazi kilipofika, kisima kikawa tope, samaki wakapotea. Mariette akalazimika kuteka maji mbali, ziwani penyewe. Huko ndiko kiboko, aliyekosa maficho yake, alikomkanyaga mguu. Mama unayesikia, wewe wajua kilio cha mtoto wako hata katikati ya soko. Apolline alikijua akiwa bado mbali.

Joanita ndiye aliyetangulia kuja kuwaona hospitali Mbarara, na kibuyu cha maziwa.

"Mimi hapana kuja kucheka," alisema. "Kiboko natembea sababu nyumba yake nachomwa."

Nestor aliinamisha kichwa. Apolline akamgeukia.

"Umesikia? Neno lako ndilo lilichoma. Nenda ulizime."

"Jovan atanifukuza hata kwenye kashamba ketu. Mimi ni mukimbizi tu."

"Basi tufukuzwe. Nitazaa mguu mwingine wapi?"

Mkutano ulipoitwa tena, Nestor alisimama. "Nilisema fasi ilikuwa tupu. Nilikosea. Hawa ba Joanita baliilinda kwa kuiacha bila jembe."

"Mkimbizi, nani nakulipa leo?" Jovan akamdhihaki.

Nestor akarudia maneno yale yale, akiwa bado amesimama. Dai lote la Jovan lilikuwa limesimama juu ya neno la Nestor; neno lilipoondoka, likaanguka. Ukoo wa Joanita wakarudishiwa mahali pao. Nestor akang'oa nyanya zake mwenyewe, nyingine zikiwa zimeanza kuiva. Mafunjo yanachipua sasa. Mguu wa Mariette haukunyooka.

FUNDISHO

Usiseme ardhi ni tupu kwa sababu hujaona jembe. Kuna watu wanaolima kwa kulinda: mazao yao ni samaki, ndege na maji unayokunywa. Ukiwanyang'anya haki yao, vyote hivyo vinakimbia, na hasara inaingia hata mlangoni kwako. Mgeni, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mbele ya watu, hata kama unaogopa kufukuzwa.