Dada Udongo na Fundi Sindano

Ilikuwa mwisho wa mwezi, na mlango wa duka kubwa la mjini ulijaa watu, wanaoingia wakisukumana na wanaotoka. Hapo ndipo Dada Udongo alipogongana kifua kwa kifua na mwanamume aliyekumbatia chungu cha mlimau. Chungu kiliyumba, tope likammwagikia Dada Udongo kwenye suruali yake nyeupe, kutoka gotini hadi kiatuni.

"Samahani, dada yangu! Samahani sana! Nitaifua. Nitakushonea nyingine, mimi ni fundi."

Dada Udongo wala hakuitazama suruali. Alichota lile tope kwa vidole viwili, akalifinya, akalinusa.

"Kaka, huu ni udongo wa kufinyangia vyungu, si wa kuvijazia. Na humu umetia majivu."

"Umejuaje?"

"Majani yako yamekusema. Yamegeuka manjano, mishipa imebaki kijani. Mti una njaa na sahani iko mbele yake. Majivu yameumaliza uchachu wa udongo, na mlimau bila uchachu kidogo haupati chakula chake."

"Mama yangu alisema majivu hulisha kila kitu."

"Mama hakukosea, yeye alikuwa na shamba. Shambani mvua hupita ikasafisha. Chunguni ukitia kitu kinakaa humo humo, kama mgeni asiyejua kuaga."

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono kwa usawa usio na kasoro, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. Alikuwa ameusahau.

"Hamieni pembeni na shamba lenu!" mama mmoja akafoka nyuma yao. Wakahama pembeni, na hapo pembeni wakakaa kwa muda mrefu kuliko walivyokusudia.

Dada Udongo alikuwa na kazi yake maalumu. Alipeleka mimea ya vyungu maofisini na kuihudumia kila wiki, akiwa na ndoo, koleo dogo na kijikaratasi cha kupimia uchachu, kile watu wa maabara wanachokiita cha pH. Jina la utani alipewa na mabawabu, naye akalivaa bila kinyongo. Yule mwanamume alishona suti ghorofa ya tatu, jengo la ng'ambo ya barabara. Wateja walimwita Sindano.

Wiki ileile Dada Udongo alipanda zile ngazi na magunia yake. Akautoa mlimau, akatoboa chungu matundu chini, akachanganya udongo wa juu, mboji iliyooza vizuri na mchanga wa mtoni uliooshwa. Sindano alisimama karibu mno, eti anajifunza.

"Mbona mchanga mwingi hivyo?"

"Mizizi nayo inapumua. Ukiikaba, inakufa. Sogea, nami unanikaba."

Simu zikaanza.

"Haloo, daktari wa miti? Mgonjwa wako ametoa jani."

"La rangi gani?"

"Kijani, kama blauzi uliyovaa jana."

"Jana sikuvaa kijani."

"Basi nilikuota, mpenzi."

"Mpenzi? Tangu lini?"

"Tangu mlangoni. Wewe ulikuwa unanusa tope, hukuona."

Yakaota mapenzi, yakashika mizizi. Jioni walitembea mitaani wakibishana kuhusu kila kitu, kuanzia vifungo hadi vyungu. Mama mdogo, dada wa mamaye Dada Udongo aliyemlea, akawa anaacha mlango wazi kila aliposikia kicheko cha Sindano barazani.

Ndipo ikaja kazi kubwa. Daktari mmoja wa meno alifungua kliniki mpya yenye ukumbi wa madirisha mapana, akataka ujae asumini na milimau midogo. Jumapili moja Sindano alikuja kumsaidia mpenzi wake kujaza vyungu. Dada Udongo alimwachia magunia, akaenda kuchukua miche. Aliporudi alikuta kazi imekwisha na Sindano amelowa jasho, akijisifu kama aliyejenga daraja.

Mwezi haujaisha vizuri, daktari akapiga simu.

"Dada, wagonjwa wangu wanauliza kama mimea nayo ina meno mabovu."

Dada Udongo alifika mbio. Majani yalikuwa manjano, mishipa kijani. Akapima udongo, na kijikaratasi kikageuka buluu iliyokolea. Uchachu wote umekwisha. Dalili zilikuwa zilezile za siku ya kwanza, na ni mtu mmoja tu aliyebaki peke yake na magunia yale. Akapiga simu palepale.

"Sindano, ulitia majivu?"

"Majivu? Wapi?"

"Kwenye vyungu vya daktari. Sema tu."

"Unaniuliza au umeshanihukumu?"

"Nani mwingine aliyegusa udongo wangu?"

"Mimi nikiharibu koti la mtu, namwambia nimeliharibu. Sikutia majivu. Ungenijua ungeniamini."

Akakata simu. Dada Udongo naye akaizima yake.

Alimwaga udongo wote, akachanganya mwingine kwa mikono yake, bila msaidizi. Nyumbani alikula akitazama ukuta.

"Uliyaona hayo majivu kwa macho?" mama mdogo akauliza.

"Sikuyaona. Lakini dalili ni zilezile."

"Mwanangu, homa nayo ni homa. Mmoja ana malaria, mwingine mafua. Utawapa wote dawa moja?"

Majani mapya kliniki yalipoanza kufifia tena, katika udongo ambao Sindano hakuugusa hata kwa ukucha, maneno yale yalimrudia. Alisimama ukumbini akimtazama mama wa usafi akimwagilia. Kwenye kingo za vyungu kulikuwa na ukoko mweupe.

"Mama, maji haya mnayatoa wapi?"

"Bombani, lakini si ya mji. Mwenye jengo amechimba kisima chake. Maji magumu hayo, birika letu limeota magamba."

Dada Udongo alichovya kijikaratasi ndani ya ndoo. Kikageuka buluu ileile. Miaka yote alipima udongo, lakini siku ile alipompigia Sindano hakukumbuka kuyapima maji. Alikuwa amemhukumu mpenzi wake kwa kosa la bomba.

Hakujificha. Aliingia kwa daktari, akamweleza kosa lake wazi, akaahidi kupanda upya na kuweka tangi la maji ya mvua nyuma ya jengo. Kisha akaenda kwenye jengo la Sindano na kupanda hadi ghorofa ya tatu, akiwa na gauni la zambarau na moyo unaodunda kama cherehani.

Chumba kilijaa wateja. Sindano alikuwa amepiga magoti akimpimia mzee mmoja koti lenye mkono mmoja tu.

"Hukutia majivu," Dada Udongo alisema mbele ya wote. "Yalikuwa maji ya kisima. Nilipima kila kitu isipokuwa maji, na wewe sikukuamini. Nisamehe."

Sindano hakuinua macho. "Hayakuniuma majivu. Iliniuma ulivyoniuliza, kama mtu anayemhoji mwizi."

"Najua. Sitakuuliza hivyo tena."

"Nitakasirika hadi jioni."

"Nitakaa hapa hadi jioni." Akavuta kigoda, akaketi.

"Fundi," mzee akasema, "msamehe binti wa watu. Mkono wangu unasubiri."

Chumba kikacheka. Sindano alijaribu kununa, midomo ikamsaliti.

"Na jambo jingine," Dada Udongo akaendelea. "Nimechoka kugombana nawe kwa simu. Nataka tugombane ndani ya nyumba moja. Nioe."

Sindano akasimama wima, pini zikatawanyika sakafuni.

"Hilo lilikuwa neno langu! Nimelipiga pasi siku zote hizi nikitafuta siku ya kulivaa!"

"Basi livae."

"Utakubali nikuoe?"

"Nimeshakubali. Sema haraka, mzee anataka mkono wake."

Dada Udongo alimpigia mama mdogo simu, Sindano akiwa amemshika kiuno.

"Amekusamehe?" mama mdogo akauliza.

"Ananioa."

"Eh! Na hizo kelele ni za nini?"

Dada Udongo akageuka kutazama. Wateja wote walikuwa wamesimama wakipiga makofi, na mzee mbele yao, mkono mmoja una koti na mwingine hauna, akipiga kwa nguvu kuliko wote.