Risasi Sitini za Mzee Orville

Saa moja na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, katika uwanja wa shabaha wa Elk Fork, Montana, Mzee Orville Haugen alifungua kisanduku chake cha risasi na kutamka neno ambalo marehemu mkewe hakuwahi kumruhusu kulitamka mezani.

Naibu wa sherifu, Marlys Aasen, alifika saa moja na nusu, akiwa ameacha kesi nzito ya ng'ombe aliyelala barabarani.

"Nimeibiwa," alisema mzee.

"Mbona kisanduku kimejaa?"

"Kimejaa za mtu mwingine. Zangu nazing'arisha mpaka unaona meno yako. Hizi zimefubaa kama uso wa Jumatatu."

Jambo halikuwa dogo. Orville alijaza risasi zake kwa mkono: fataki, baruti, kichwa, moja baada ya nyingine. Bunduki inayojipakia yenyewe haina subira; risasi ikizidi urefu kidogo tu, inakwama. Mwezi uliopita zake mbili zilikwama, na kamati ikamwonya kwamba kosa moja zaidi lingemnyang'anya kadi ya uanachama aliyoishika miaka arobaini na moja. Mashindano yalianza saa tatu.

Marlys alianza na Darrell Stumpf, aliyekuwa akiitamani meza ya Orville iliyo karibu na jiko. Darrell alitoa jasho, akajikanyaga, na saa mbili kasoro kumi akakiri kila kitu: ndiye aliyekula pai ya Orville siku ya Alhamisi. Kuhusu risasi hakujua lolote. Afande aliandika habari za pai kwa uzito unaostahili, akamwachia.

Kisha akazipima risasi zile ngeni kwa kipimo cha klabu. Zote sitini zilikuwa sawa kabisa. Hapo Marlys alisita. Mwizi gani anaiba, halafu anaacha mali nzuri kuliko aliyochukua?

Akatazama vitako vya maganda. Kila bunduki ya aina hii hung'oa ganda lake kwa kucha yake, na kucha hiyo huacha mkwaruzo wake. Maganda haya yalikuwa yametumika zamani na kujazwa upya, na yote yalikuwa na mkwaruzo mmoja, uliopinda kama mundu. Marlys alikwenda kwenye pipa la maganda, ambamo kila mwanachama ana mfuko wenye jina lake. Mkwaruzo wa mundu ulikuwa katika mfuko wa Wendell Tuttle.

Wendell alikuwa wa pili nyuma ya Orville kwa miaka tisa mfululizo, na hawakuwa wakisalimiana kwa miaka minane kati ya hiyo. Leo alikuwa amejitoa kwenye mashindano, akisema bega linamuuma. Marlys alikuwa amemwona akibeba birika la kahawa la watu hamsini kwa bega hilohilo.

Saa mbili na nusu aliwakutanisha.

"Ulimpa mpinzani wako risasi zako za mashindano," alisema Marlys. "Zake ziko wapi?"

Wendell akaitoa risasi moja ing'aayo mfukoni, akaichomoa kichwa kwa koleo, akamwaga baruti juu ya karatasi. Miongoni mwa punje za mviringo mlikuwa na vibapa vidogo vyeusi.

Orville aliinama juu ya karatasi. Kila mjazaji anajua sheria: kopo moja tu mezani. Wendell alieleza kwamba jana saa kumi alasiri alikwenda nyumbani kwa Orville kurudisha mizani aliyoiazima kabla hawajanuniana, hakumkuta, akaona mezani makopo mawili. Baruti ya bastola, iwakayo kwa kasi mno kwa bunduki, ilikuwa imebaki kwenye kipimio na kumiminwa katika kopo la bunduki; ndipo akabadilisha risasi zote kisandukuni.

"Ingenipasukia usoni," alisema Orville polepole.

"Ingekupasukia."

"Mbona hukuniambia, wewe mjinga?"

"Ningekwambia, ungenifukuza kwa ufagio, kisha ungezipiga zote ili kunionyesha. Na ningeiambia kamati, wangekunyang'anya kadi." Wendell akakwangua sakafu kwa kiatu. "Wewe ndiye uliyenifundisha kujaza. Mwaka wa kwanza uliona kosa langu, ukalirekebisha, hukumwambia mtu."

Orville alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatoka kwenda kwa mwenyekiti wa kamati na kumkabidhi kadi yake. Marlys alimsikia akisema mwenyewe alichokifanya, bila kupunguza neno, na kwamba tangu leo hatajaza risasi hata moja bila Wendell kuketi kando yake na kusoma majina ya makopo kwa sauti. Mwenyekiti aliwaza, akamrudishia kadi.

Saa tatu kamili Orville alizigawa juu ya meza zile risasi sitini za Wendell: thelathini apige yeye, thelathini apige Wendell.

"Mashindano yanataka sitini kila mtu," Wendell alimkumbusha.

"Najua kuhesabu. Ahsante, ndugu yangu. Keti."

Wakapiga bega kwa bega. Hakuna hata moja iliyokwama, na wakashika mkia pamoja.