Karibu Isiyotoka Msituni

Sakafu ya darasa moja mjini Hanoi iligeuka kuwa msitu. Miti ilichipuka katikati ya madawati, ukungu ukapanda hadi magotini mwa watoto, na juu ya matawi wakaonekana mbega wekundu wakitafuna majani. Haikuwa picha iliyohifadhiwa. Ilikuwa asubuhi ileile katika milima ya Udzungwa, Tanzania, ikirushwa na mtambo ulioitwa kioo-hewa.

Watoto walisimama wakaita kwa pamoja, kwa Kiswahili walichofundishwa: "Hodi!"

Mbega jike mwenye kitoto kifuani aligeuza kichwa, akapaza mlio. Mtambo wa pili, kifasiri-mlio, uliugeuza mlio huo kuwa maneno, kwa sauti ya mama mwema: "Karibuni, wanangu. Msitu ni wenu." Watoto wakapiga makofi, na picha ikakatwa hapohapo, kama ilivyopangwa. Wakati huohuo madarasa ya Istanbul na Lagos nayo yalikuwa yakikaribishwa.

Chini ya mti wenyewe alikuwa amesimama Dakta Atupele Lwambano, mkuu wa programu hiyo ya kimataifa ya kuelimisha watu kuhusu wanyama jamii ya nyani, katika Chuo Kikuu cha Luhombero. Siku hiyo chuo kilikuwa na sherehe kubwa ya programu, naye alikuwa ameingia msituni alfajiri kusali, kama alivyozoea alipokuwa mwanafunzi. Miaka mingi ilikuwa imepita bila yeye kufika pale. Programu ilijivunia kwamba mguu wa mtu haukanyagi tena msitu. Kazi yote ilifanywa na macho ya miti na midomo ya miti, yaani kamera na vipaza sauti vidogo kama korosho, vilivyobandikwa kwenye magome.

Alisikia mdomo wa mti ukifunguka juu yake. Haukusema hodi. Ulitoa mlio mkali, mara mbili.

Kundi zima lilijirusha kama limemwagiwa moto. Jike yule aliruka tawi hadi tawi, akakosea, akashika tena. Kitoto kilimponyoka. Kilianguka hatua chache kutoka alipokuwa Atupele, na alipokiinua kilikuwa kimekufa. Kilikuwa chepesi mno, mbavu zote nje, kama kitoto ambacho hakijanyonya kwa muda mrefu. Alipopekua majani aliona mifupa mingine midogo. Mbega walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja wakati mdomo wa mti ulipopiga tena mlio uleule. Darasa jingine, nchi nyingine.

Sala aliyoianza hakuimaliza.

*

"Shikamoo, Dakta. Mbona viatu..."

"Usiniamkie, Kheri. Niambie kitu kimoja. Mtoto akisema hodi kule Hanoi, mdomo wa mti unasema nini huku?"

Kheri Mzirai, mhandisi wa akili unde wa programu, aliutazama mtandio uliofungwa ambao Atupele aliuweka mezani pake, katika chumba cha mitambo chuoni.

"Hodi haina tafsiri kwa mbega," alisema. "Tuliiachia akili unde itafute mlio ambao kundi zima linauitikia haraka. Ikaupata. Haujawahi kushindwa hata mara moja."

"Huo ni mlio wa tai! Mbega wa kwanza kumwona tai juu hupiga hivyo, na wenzake hukimbia. Kwa nini wasiitikie? Hata wewe nikikupigia yowe la moto saa hii, utaitikia vizuri sana."

Kheri aliinua macho kutoka kwenye mtandio.

"Na wao hujibu nini? Usinitazame hivyo. Kifasiri kilipoanza kazi, kabla hamjakigusa, kilisema nini?"

"Kilisema 'jificheni'." Kheri alijifuta uso. "Mara nyingine, 'mtoto yuko wapi'. Dakta, tungefanyaje? Mtu abishe hodi, aambiwe jificheni? Kwetu Usangi hata uliyegombana naye akibisha, unasema karibu kwanza, ugomvi baadaye. Kikao kizima kiliona aibu. Tukaweka tabaka la adabu. Neno lolote kali linalotoka, linalainishwa."

"Mkamlainisha mama anayemlilia mwanawe."

"Hatukujua ni kilio. Tulidhani mtambo umekosea."

"Mtambo uliwaambia! Kwa Kiswahili! Mkaurekebisha mpaka ukajifunza kusema uongo kama ninyi." Akaufungua mtandio. "Mtazame. Na midomo yote izimwe sasa hivi."

"Sina ruhusa. Leo ni sherehe."

Mlango ulifunguka, akaingia Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Mashauri Bwire, akiwa tayari amevaa joho.

"Dakta Lwambano, wageni wameshakaa, unatafutwa chuo kizima. Hicho ni nini?"

"Ni mtoto, Profesa. Ameuawa na programu yetu."

Alielezwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri, na hilo lilimwudhi Atupele zaidi.

"Pole sana. Kesho naunda kamati."

"Kamati! Leo jioni kuna madarasa ya Recife na Bogota. Mbega watapigiwa mlio wa tai mpaka usiku."

"Punguza jazba. Fikiria. Kwa ajili ya programu hii watoto wa dunia nzima wanampenda mbega. Ukiizima mbele ya wageni, upendo huo umekwisha. Sasa, mbega wachache..."

"Malizia."

Bwire alinyoosha mikunjo ya joho lake.

"Malizia, Profesa! Mbega wachache wafe ili wapendwe?"

"Ukiiharibu siku ya leo," alisema Bwire taratibu, "joho utalivua."

"Nitalivua. Nitamfunikia huyu."

Bwire alitoka bila kufunga mlango. Atupele aliingia kwenye stoo ya vifaa, akapiga magoti kati ya mabunda ya nyaya. Bwana, alisema, sikuombi uniondolee hasira. Usiniondolee. Nishike tu nisiitumie kwa ajili yangu mwenyewe. Akainuka, akatoka.

Kheri alikuwa ameegemea mtambo. "Midomo nimeizima," alisema. "Wakinifukuza, utaniandikia barua ya sifa?"

"Sitakuandikia. Twende."

*

Kioo-hewa kiliujaza ukumbi wa sherehe watoto wa nchi nyingi, safu juu ya safu, wengine wamevaa vinyago vya mbega walivyojitengenezea. Atupele hakuwaonyesha mwili wa kitoto. Aliwaeleza alichokiona, kwa maneno machache, kisha akamwamuru Kheri apige mlio wa asubuhi na jibu lake, bila kulainishwa.

"Tai! Tai! Jificheni! Mtoto! Mtoto wangu yuko wapi?"

Kifasiri kilisema hayo kikavu, bila ile sauti ya mama mwema. Wageni wakainamisha vichwa. Vinyago vikaanza kuvuliwa.

Katika safu ya Hanoi alisimama msichana mmoja, na jina lake, Thuy, likawaka chini ya picha yake. Alikuwa amekunja ngumi. Machozi yalimtiririka, na alizungumza kwa lugha yake, kwa muda mrefu, sauti ikimpasuka. Kifasiri, ambacho kilitafsiri lugha za watu pia, kikamtafsiri kwa upole:

"Mwalimu, asante kwa somo zuri. Nina swali dogo."

Atupele alimgeukia Kheri. "Hata watoto?"

"Tabaka ni moja, Dakta. Linalainisha kila sauti, nililiondoa kwa mlio ule tu."

"Litoe."

"Mwacheni mtoto akae," alisema Profesa Bwire kutoka kiti cha mbele. "Imetosha."

"Hajasema bado," alijibu Atupele.

Kheri aligusa kitufe cha mtambo. Atupele akamwomba Thuy arudie, na safari hii maneno yake yalikuja jinsi yalivyo.

"Mlikuwa na mtambo wa kusikia, mkatuziba masikio sisi. Mimi ndiye niliyekuwa naita kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu mlisema wananipenda. Nimewaua wangapi? Nijibu. Na usinijibu kwa upole."

Ukumbi mzima wa watu wazima ulimtazama Atupele, ukimsihi kwa macho aseme hakuna, mwanangu, si wewe. Neno lenyewe lilikuwa limeshamfika mdomoni, tamu, tayari. Tangu asubuhi alikuwa ameibeba hasira yake kama yeye peke yake ndiye mwenye haki nayo. Akalimeza neno lile.

"Idadi siijui, Thuy. Nimeona mifupa. Walikufa kwa sauti zenu, na aliyewafundisha kuita ni mimi."

"Basi nakuchukia," kilisema kifasiri.

Kheri alinyoosha mkono kukata sauti. Atupele akaushika.

"Acha," alisema. "Bado anaongea."