Uimbe Wewe, Siyo Kwaya

Siku ya mnada, Mbulu mjini, huwezi kusikia hata jina lako ukiitwa. Ng'ombe wanalia, wauza dawa za panya wana vipaza sauti, na kila mwenye turubai anataka kumzidi mwenzake kelele. Lakini siku ile ya Julai Gaudensia alisikia sauti moja ikipanda juu ya zote, akasimama.

"Shika, geuza, mama chaguaaa! Gauni la harusi, gauni la kwenda kwa wakwe, chaguaaa!"

Mwimbaji alikuwa kijana mrefu wa Endasak aitwaye Hhando, amesimama juu ya meza katikati ya rundo la mitumba, tai tatu shingoni kwa mpigo. Gaudensia alikuwa na sketi ya jinsi, koti la sufu na kilemba cha kitenge kwa sababu ya baridi. Alimtazama kijana yule kwa macho ya kazi.

"Kaka, sauti hiyo unaiua. Unaimbia kooni. Imba kutoka tumboni."

"Tumboni kuna makande tu, dada. Unanunua au umekuja kunifundisha?"

"Vyote viwili. Nataka gauni la ajabu. La kuchekesha watu mia tatu."

"Mia tatu! Unaolewa na kata nzima?"

Gaudensia akaeleza kwamba yuko mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam, anasomea tamthilia ya muziki, yaani ile michezo ya jukwaani ambayo watu wanaigiza, wanaimba na kucheza kwa pamoja. Hhando akacheka mpaka tai zikatingishika.

"Aisee! Na mtihani je? Mnaandika la-la-la kwenye karatasi?"

"Tunapanda jukwaani. Walimu wanakaa mbele na kalamu zao. Ukiharibu, unarudia mwaka."

Hhando akaacha kucheka. Akazama kwenye rundo, akaibuka na gauni la kijani lenye vishanga vya dhahabu, mabega yamevimba kama maboga.

"Hili nimelizungusha Katesh, Endasak mpaka Masakta, wote wamelikataa. Kumbe lilikuwa linakungoja wewe. Nipe na namba yako ya simu, ya kuandika kwenye risiti."

"Mitumba ina risiti?"

"Leo inayo."

Namba akapewa. Hata mimi ningempa.

Kuanzia hapo simu hazikukauka. "Umekula, mamaa?" "Nimekula, mchuuzi wangu. Niimbie kidogo." "Kooni au tumboni?" Kila alipokuja mnadani, Hhando alipitisha pikipiki yake Endagikot kumsalimia Mama Efrazia, mjane mwenye mtoto mmoja tu, huyo Gaudensia. Alimpalilia mahindi, akamtengenezea mlango wa zizi. Krismasi wazee wa Endasak wakaleta posa, ikapokewa. Harusi ingekuwa baada ya Gaudensia kumaliza chuo.

Siku hiyo ya posa, wageni walipoondoka, walibaki watatu jikoni wakinywa chai ya maziwa. Mama Efrazia akamtazama bintiye.

"Watu hapa wanasema binti yangu amekwenda kusomea ngoma. Nimewaacha waseme. Mimi nimekuruhusu, lakini kuna kitu kimoja nakutaka. Siku nitakayozikwa, uimbe wewe, siyo kwaya. Kwaya ya hapa inaimba kama inawahi basi."

"Mama jamani! Sikukuu hii unaongea mambo gani?"

"Nitaimbiwa na wewe au sitaimbiwa?"

"Nitakuimbia, Mama."

"Hhando, wewe ndiye shahidi."

"Nimesikia, mama," alisema Hhando, na alisikia vizuri kabisa.

Ikafika Juni ya mwaka wa mwisho. Onyesho la mtihani lilikuwa Alhamisi, na Gaudensia angeigiza mama mwenye nyumba mcheshi, ndani ya lile gauni la kijani. Ijumaa ya wiki iliyotangulia, Mama Efrazia alibanwa na kifua. Hhando alikuwa amepita kusalimia, akakodi gari, akamkimbiza hospitali. Jumamosi saa nane mchana mama yule akafariki, Hhando akiwa kando ya kitanda.

Pale pale kwenye korido Yoakimu, baba mdogo wa Gaudensia, akawakusanya ndugu.

"Mtoto asiambiwe. Ana mtihani Alhamisi. Akimaliza, tutamwita."

Hakuna aliyebisha. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya; mwanafunzi hapelekewi msiba kwenye chumba cha mtihani, na tunauita huo upendo. Mimi siku hizi sijui niuite nini.

"Na wewe, mkwe," Yoakimu akamwambia Hhando, "wewe ndiye unayepigiwa simu na mtoto kila siku. Uzibe mdomo."

Hhando akaziba.

Jumapili simu ikaita. "Mpenzi, mbona Mama hapatikani tangu jana?"

"Simu yake iliingia maji. Iko kwa fundi."

"Ala! Hebu mpe yako basi."

"Ameenda kwenye sala za jumuiya. Wewe fanya mazoezi, mamaa."

Jumatatu ikaita tena. Hhando alikuwa amesimama nje ya boma la Mama Efrazia, suruali imejaa udongo wa kaburi mpaka magotini. Alitaka kuiacha iite. Akaona akiiacha, Gaudensia atashtuka.

"Hhando, hao wanaolia ni akina nani?"

"Kuna... kuna msiba."

"Wa nani?"

"Jirani. Humjui."

"Endagikot kuna jirani nisiyemjua? Hebu sema vizuri, uko na mwanamke hapo? Tangu jana unaongea kama mtu aliyebanwa mlangoni."

"Sina mwanamke, Gau. Naapa."

Gaudensia akacheka kwa aibu. "Nisamehe. Ni woga wa mtihani. Wape pole wafiwa. Na umwambie Mama asikose kwenda mazishini, wasije wakasema anaringa."

"Nitamwambia," alisema Hhando. Yesu wangu! Alisema hivyo, halafu akarudi kuchukua koleo.

Alhamisi gauni la kijani likaingia jukwaani, na ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko. Gaudensia aliimba kutoka tumboni, akacheza, akaanguka makusudi, akanyanyuka na nota ya juu ambayo wenzake waliiogopa muhula mzima. Walimu waliweka kalamu chini, wakapiga makofi. Alipopiga simu, hata jasho hajajifuta, alikuwa analia kwa furaha.

"Nimefaulu! Hhando, nimefaulu! Mwambie Mama!"

"Njoo nyumbani, Gau," Hhando akasema. "Njoo tu."

Jumamosi alishuka stendi ya Mbulu, begi begani, gauni limekunjwa kwenye mfuko wa nailoni ili amwonyeshe mama yake. Hhando alikuwa anamsubiri na pikipiki. Hakumtania. Gaudensia akajua kuna jambo, lakini hakujua ni lipi mpaka walipokata kona ya Endagikot na kuona udongo mpya pembeni ya nyumba. Msalaba wa mbao ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe: Efrazia. Tarehe 8 Juni.

Alisoma tarehe ile mara tatu. Akahesabu kwa vidole, kama mtoto.

"Jumapili uliniambia yuko jumuiya," akasema taratibu. "Jumatatu... Jumatatu yule jirani..."

Akafungua mdomo ili aimbe. Haikutoka hata pumzi. Shangazi zake wakaja mbio, wakamchukua, wakampeleka ndani.

Siku nne hakutaka kumwona Hhando. Kila aliyeingia alimwambia maneno yale yale, kwa maana Yoakimu alikuwa ameshawapanga. "Ni mama yako mwenyewe aliyesema usiambiwe. Alisema umalize kwanza. Usimlaumu kijana wa watu." Polepole Gaudensia akaanza kuamini. Alitaka sana kuamini. Kama mama ndiye aliyependa hivyo, basi Hhando alikuwa ametii tu, na harusi ingeweza kuwapo, na moyo wake bado ulikuwa unampenda mchuuzi yule mjinga.

Siku ya tano akamwita. Wakasimama kando ya kaburi, mashada ya maua yameshanyauka.

"Nitakuuliza kitu kimoja tu," alisema Gaudensia. "Ulikuwa naye pale kitandani. Kweli Mama alisema nisiambiwe?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Yoakimu alikuwa amelitayarisha, ndugu wote walikuwa wamelisema kabla yake. Hhando alimtazama yule msichana ambaye yeye alikuwa amemdanganya Jumapili na Jumatatu, akashindwa kulisema.

"Hapana," akasema. "Alikuita. Tangu asubuhi mpaka saa nane. Aliniambia, nipigie mwanangu, nisikie sauti yake. Hata kama ni kidogo tu."

"Na simu?"

"Nilikuwa nayo mkononi."

"Haikuwa na chaji?"

"Ilikuwa nayo."

"Vocha?"

"Ilikuwepo." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nilijua ukisikia tu, utapanda basi, utaacha mtihani. Miaka mitatu yote ipotee. Nikasema atapona, nitakupigia Alhamisi, nitawaunganisha. Nilidhani kuna muda, Gau. Nakupenda, nilidhani kuna muda."

Gaudensia hakupiga kelele. Aliingia ndani, akarudi na ule mfuko wa nailoni, akauweka juu ya kiti cha pikipiki.

"Asante kwa kusema kweli," alisema. "Ungenidanganya na leo, ningeolewa na wewe."

"Gau, mamaa, tafadhali..."

"Nenda. Nataka kumwimbia mama yangu, na sitaki wewe usikie."

Hhando akawasha pikipiki, akaondoka na mfuko wake. Mngurumo ulijaza njia yote. Alipofika kona ya chini akazima injini haraka, akageuza kichwa kusikiliza. Alikuwa ameshafika mbali. Hakusikia kitu.