Faili la Zawadi, Mstari wa Saba

Walijuana kwenye foleni ya dawa hospitalini, watu wamebanana, kijana anakohoa, dada wa dirishani kavaa koti jeupe na hereni nyekundu.

"Kaka, koholea upande ule, sisi bado tunapenda kuishi," dada akamwambia.

Kijana akapona hapo hapo. Baadaye ndiye akaiandikia hospitali programu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa zao kwa simu. Mwezi wa tatu, wapenzi.

Leo asubuhi dada akampigia.

"Uko wapi?"

"Kazini, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Wagonjwa mia mbili wameitwa mpenzi tangu saa moja! 'Mpenzi, njoo uchukue dawa.' Na jina langu chini! Kuna mke wa mtu hapa kaiona simu ya mumewe, kashavua viatu anipige. Bosi kasema ikifika saa sita sina maelezo, nifungashe."

"Mimi sijagusa kitu."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Akakata.

Kijana akafungua faili la kutuma ujumbe. Safi. Akalisoma mara tatu, jasho linamtoka. Saa tano na nusu. Lugha aliyoandikia ile programu ni kigeugeu: amri unaiandika hapa, unaibadilisha kwenye faili jingine kabisa, na ile ya mwisho ndiyo inayotawala. Macho hayatoshi. Akaiuliza programu yenyewe: hii amri ya kutuma unayoitumia sasa hivi, imeandikwa wapi?

Ikajibu: faili la zawadi, mstari wa saba.

Lake hilo! Jana aliliandika liwe zawadi kwa dada: limkumbushe kula mchana, ujumbe uanze na "mpenzi". Akasahau kuweka sharti: namba ya dada peke yake.

Angeweza kufuta kimya kimya, asingizie mtandao. Akarekebisha, akatoka mbio hadi hospitalini.

"Bosi, kosa langu," akasema mbele ya foleni nzima, anahema. "Nilitaka kumwita huyu, nikawaita wote."

Mwenye viatu mkononi akashtuka. "Kwa hiyo mume wangu hana kosa?"

"Hana, mama."

"Na nimeshampiga!"

Foleni ikaangua kicheko. Bosi hakucheka. "Dada, rudi kazini. Wewe, toka."

Dada hakumtazama. "Uliniapia."

"Niliapa kabla sijatafuta."

"Siku nyingine anza kutafuta."

Saa saba, simu ya dada ikalia. "Mpenzi, umekula?"

Dada akainua macho haraka, akakagua foleni mtu kwa mtu. Hakuna aliyeshika simu.

Ndipo akajibu: "Bado. Njoo tule."